Je, wajua kwanini jimbo la Florida, Marekani, waliwapima mkojo wanaoomba hela za msaada wakaishia kula hasara?

Juzi nilikuwa dukani kwa mangi huku Pasua, Moshi, nasubiri chenji, na ilikuwa siku ile hela za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zimetoka, akaja mama mmoja mlengwa akanunua sukari nusu na daftari mbili akaondoka. Kaka mmoja aliyekaa kwenye kreti la soda akasema hawa watu wangekuwa wanapimwa mkojo kwanza ndo wapewe hela, maana zingine zinaishia kwenye bangi na unga (heroini) tu. Mangi akadakia, kweli kabisa, mimi hapa nalipa kodi. Mimi nikawaambia jamani hilo jambo limeshafanyika, Marekani, na majibu yake yapo. Wakasema haya tuambie. Niliyowaambia ndo haya, na mengine nayaongezea hapa kwa sababu pale dukani muda haukutosha.

Iko hivi, mwaka 1996 rais Bill Clinton alisaini sheria iliyobadilisha mfumo mzima wa msaada kwa familia maskini zenye watoto, na ndani yake majimbo yakaruhusiwa kuwapima madawa ya kulevya wanaopokea. Michigan wakajaribu mwaka 1999, mahakama ikawasimamisha. Alafu ikaja Florida, na hii ndo stori yenyewe.

Julai 2011, chini ya gavana Rick Scott, sheria ikaanza kazi: kila mzazi anayeomba hela za msaada apime mkojo kwanza, na alipe mwenyewe, kama dola 25 hadi 45. Akikutwa msafi anarudishiwa hela yake, akikutwa na kitu anakosa msaada mwaka mzima. Haikuangalia kama umewahi kuonekana na madawa au la, ukiwa maskini umeomba, unapimwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo jaji Mary Scriven akaisimamisha, kwahiyo ilidumu miezi minne hivi. Kwa muda huo walipimwa watu 4,046. Waliofeli ni 108! Hata watatu katika kila mia hawafiki, na wengi wao ilikuwa bangi. Sasa wale wasafi wote ilibidi warudishiwe, jumla dola 118,140, na ukitoa kile ambacho jimbo lingewapa wale waliofeli, serikali ilikuwa imepoteza zaidi ya dola 45,000. Yani ingekuwa nafuu kuwapa wote.

Kaka wa kwenye kreti akauliza swali zuri sana hapo, akasema labda wavutaji waliogopa wakaacha kuomba kabisa. Lakini idara yenyewe ya Florida inayotoa msaada iliangalia idadi ya waombaji na haikuona imeshuka kwa sababu ya kipimo. Utah wao wakaja na njia nyingine mwaka 2012, unajaza kwanza dodoso, ukionekana una dalili ndo unapimwa, mwaka wa kwanza wakapata watu 12 tu waliofeli na wakawa wametumia zaidi ya dola 30,000.

Kwanini wanakuwa wachache hivyo? Mimi naona jambo la kwanza ni kwamba unga ni hela, na mtu anayehesabu nusu kilo ya sukari hana hela hiyo kila siku. La pili ni kipimo chenyewe, na hapa watu wengi hawajui. Kile kipimo cha mkojo hakipimi kama mtu ni teja, yani mtu aliyenaswa na madawa, kinatafuta masalia ya dawa mwilini. Bangi inajificha kwenye mafuta ya mwili, kwahiyo anayevuta kila siku anaweza kukutwa nayo hata wiki kadhaa baada ya kuacha, wakati heroini na kokeini zinatoka baada ya siku mbili tatu tu. Aliyejipanga anakaa siku kadhaa, anaenda kupima, anapita. Na pombe inatoka ndani ya masaa, tena vipimo vingi vya namna hii havijawekewa pombe kabisa. Sasa wewe niambie, huku kwetu ni kitu gani kinachomaliza hela za nyumba nyingi, si gongo na viroba vya zamani na mbege ya kushinda kilabuni kutwa nzima? Hicho kipimo kingempita huyo baba bila hata kumgusa, kikamkamata kijana aliyevuta bangi mwezi uliopita.

Upande wa sheria nao ni hivi: katiba ya Marekani inakataza serikali kumpekua mtu bila sababu, na mahakama zao zinahesabu kupima mkojo kuwa ni upekuzi. Dereva wa treni anaweza kupimwa kwa sababu akilewa ataua watu, ni kama trafiki anavyompulizisha kipimo cha pombe dereva wa basi la Dar, hakuna anayelalamika. Ila umaskini peke yake sio sababu ya kumshuku mtu, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilikubali hivyo, sheria ya Florida ikafa moja kwa moja.

Sasa turudi kwetu. Hela ya TASAF inatolewa kwa kaya, sio kwa mtu, na wengi wanaoenda kupokea ni kina mama. Masharti tayari yapo, watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki, usipotimiza unakatwa. Nina jirani yangu, bibi, analea wajukuu watatu, baba yao ni teja anashinda stendi huko. Ukimpima bibi atapita vizuri tu, ukisema upime nyumba nzima basi watoto watatu wamekosa uji kwa kosa la mtu ambaye hata halali hapo. Mimi hilo siwezi kulikubali, na nilimwambia mangi hivyohivyo, akanyamaza.

Kaka akasema sawa, na huyo teja je? Huyo kuna methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi inayoondoa arosto ya heroini, yale maumivu ya kuikosa, Tanzania bara ilianza Muhimbili mwaka 2011, na ni bure. Na huko mkojo wanapima kweli, akikutwa na kitu wanamkalisha na mshauri, wanaangalia dozi yake kama inatosha, kesho asubuhi anarudi kupanga foleni ya dawa kama kawaida.