Kupelekwa Mathari si kufutiwa kesi

Malalamiko yanayotufikia siku hizi, sisi tunaotibu akili za wafungwa, yamebadilika. Zamani familia zilitulilia kuhusu chakula na saa za kuwaona wafungwa. Sasa wanataka kujua kwa nini mtu wao aliye rumande katika gereza la Industrial Area, Nairobi, amepelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, nani ametoa ruhusa, na kama karatasi ya daktari itamtoa ndani.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalotumalizia muda. Haitamtoa.

Mshtakiwa wa mauaji hupimwa akili kabla ya kujibu shtaka, hata akiwa mzima kama kigongo. Ni utaratibu tu, hakuna aliyemshuku. Katika kesi nyingine, hakimu au jaji akiona mshtakiwa haelewi kinachoendelea, kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamtaka achunguze. Akiridhika kwamba mtu huyo hawezi kujitetea, kesi inasimamishwa. Inasimamishwa, haifutwi, daktari akithibitisha amepata nafuu, inaendelea. Kesi ikisikizwa hadi mwisho na mahakama ione kwamba alitenda kosa lakini akili yake haikuwa sawa wakati ule, hapo ni kifungu cha 166: anazuiliwa bila tarehe ya kutoka. Ripoti ya kwanza juu ya hali yake, inayoenda kwa Rais kupitia kwa waziri, huandikwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Wapo majaji waliosema utaratibu huo unakiuka Katiba, nami sina la kuongeza hapo. Ila yule mjuaji wa mtaani anayemshauri kijana aliyeiba simu "ajifanye chizi" angehesabu hiyo miaka kwanza.

Siku tatu za kwanza rumande ndizo tunazoziogopa. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku ameikosa ghafla. Kufikia siku ya pili au ya tatu anatetemeka, jasho linamtoka, anaona watu wasiokuwepo. Wenzake husema amerogwa, au anaigiza. Ni mwili unaodai pombe, na asipotibiwa anaweza kufa. Anayekunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, kliniki ya Mathari kila siku naye ana hatari yake: akikosa dozi kwa siku kadhaa, harudishiwi kiwango kile kile, kwa sababu kile alichokuwa amekizoea sasa kinaweza kumkata pumzi. Mwenye kudungwa sindano ya kila mwezi ya ugonjwa wa akili hatushtui mapema, lakini sindano ikipita wiki kadhaa, sauti zinarudi.

Afisa wa mapokezi hawezi kuyasoma haya usoni, na hapa, niseme wazi, familia zinatuangusha. Mama anajua mwanawe ana faili ya kliniki tangu kidato cha tatu, lakini anainyamazia asije akaitwa mama wa kichaa. Tunaambiwa kijana akiwa ameshajijeruhi. Leteni kadi. Nakala inatosha. Mkabidhi afisa wa zamu langoni, omba ifike zahanati ya gereza, andika jina kamili la mgonjwa na siku aliyomeza dawa mara ya mwisho. Dawa zenyewe uzitangaze hapo hapo langoni zikiwa kwenye pakiti yake. Wahudumu wa zahanati ndio wataamua. Kuzipenyeza ndani ya mkate au sabuni ni kosa chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 90, hata kama ziliandikwa na daktari, hata kama ni tembe mbili.

Wake za wafungwa huniuliza, "Daktari, amekuambia nini huko ndani?" Mama, siwezi kukuambia. Mkuu wa gereza pia simwambii, isipokuwa mtu akitaka kujiua au kumdhuru mwenziwe. Hata la kujiua lisimfunge mtu mdomo: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujitoa uhai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Vikao vyetu vya ushauri na wafungwa pia havipunguzi kifungo. Theluthi inayosamehewa hutokana na bidii ya kazi na nidhamu, kwa hiyo wa miaka 3 hutumikia 2, na wa maisha hana hesabu hiyo. Wengine hujiunga wakidhani watapata cheti cha kumwonyesha jaji. Siwafukuzi. Wiki kadhaa baadaye mmoja wao anataja, kwa mara ya kwanza, jina la mtu aliyemuumiza, na hapo ndipo kazi huanza.

Mtu wenu akitoka gerezani, msimuulize mambo ya jela usiku wa kwanza. Akilala taa ikiwa imewashwa, iacheni. Akisimama mlangoni akingoja afunguliwe, amesimama hivyo miaka mingi. Mwulizeni ametoka na dawa za siku ngapi, mkamtafutie kliniki iliyo karibu nanyi kabla hazijaisha. Mkesha wa maombi mnaweza kuufanya pia, bora mmwambie: "Meza dawa zako saa tatu, kisha twende."