Maji ya ubavuni si maji ya ndani ya pafu

Kwenye foleni ya hospitali moja hapa Moshi nilimsikia mama akieleza kwamba mwanawe "ana maji kwenye mapafu", na kwamba familia imekataa asichomwe sindano, kwa kuwa pafu likishatobolewa haliponi. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inaniuma zaidi kuisikia katika mkoa wenye Kibong'oto, hospitali inayotibu kifua kikuu tangu miaka ya 1920.

Kifua kikuu cha utando wa mapafu ni kile kilichoivamia pleura, utando wenye matabaka mawili, moja likilifunika pafu na jingine likitanda upande wa ndani wa mbavu. Maji hujaa katikati ya matabaka hayo, na ndiyo ambayo watu huyaita "maji kwenye mapafu".

Pleura ni neno la Kigiriki lenye maana ya ubavu. Waswahili nao waliyaita maumivu ya ubavu kichomi, kutokana na kuchoma, maana mgonjwa huhisi anachomwa kila avutapo pumzi. Leo wengi hulitumia neno hilohilo kwa nimonia, ambayo ni ugonjwa wa pafu lenyewe. Maji ya ndani ya pafu, yaani ndani ya vifuko vya hewa, mara nyingi hutokana na moyo kushindwa kusukuma damu, nayo hayavutwi kwa sindano bali hupunguzwa kwa dawa za kukojoza.

Kwa kuwa bakteria katika maji ya ubavuni ni wachache, hadubini na hata GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vyao, huwakosa mara nyingi, na ndiyo maana jibu la uhakika lilitafutwa kwa kuchukua kinyama cha utando. Njia nyepesi zaidi ni kuvuta maji kwa sindano ikiongozwa na ultrasaundi, kisha kupima kimeng'enya kiitwacho ADA: kikizidi yuniti 40 kwa lita, na chembe nyeupe za kinga zilizo nyingi zikiwa za aina iitwayo limfosaiti, daktari katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu ana sababu nzito ya kuanzisha dawa. Usaha na baadhi ya saratani pia hukipandisha, wala hakionyeshi usugu wa dawa, kwa hiyo makohozi bado hupimwa.

Nilimwambia mama yule kwamba, ikiwa daktari ametaja sindano, maji hayo yako kati ya mbavu na pafu, na sindano inayafuata hukohuko.