Shemeji hajanunua kampuni, amekodi jina

Juzi kwenye grupu la ukoo la wasap shemeji yetu aliyeko Texas kaandika kwamba anafikiria kuingia kwenye franchaizi ya kupaka rangi nyumba, basi kufika saa sita mchana ilishasambaa kuanzia Uyole mpaka Tukuyu kwamba shemeji kanunua kampuni ya rangi Marekani. Baba mdogo akauliza hizo ndoo zitafika lini Mbeya. Nikanyamaza. Jioni napita kwa jirani yangu Mwanjelwa mwenye duka la rangi, kampuni fulani imempakia duka bure, bluu mpaka mlango wa chuma, wakamwachia na kofia mbili, ananiambia "kaka, hata mimi sahivi ni franchaizi". Hapo ndo uvumilivu ukaisha.

Kwa kifupi, franchaizi ni ruhusa ya kufanya biashara kwa jina na utaratibu wa mtu mwingine, kwa mkataba wenye muda. Unalipa ada ya kuingia, alafu unaendelea kulipa asilimia ya mauzo mpaka mkataba uishe, na mara nyingi mchango wa matangazo juu yake. Mtaji wako, mafundi wako, hasara yako. Jina ndo sio lako.

Sasa neno lenyewe. Limetoka Kifaransa cha zamani, kwenye "franc", yaani mtu huru, na hilo nalo linarudi kwa Wafaranki, kabila lililotawala ile nchi baada ya Warumi, wao ndo walikuwa watu huru na wengine wote wa chini yao. Ukoo huo huo umezaa jina la Ufaransa, na hata faranga, ile hela ya Kongo. Baadaye mfalme akikupa ruhusa maalumu, tuseme kuendesha soko au kukusanya ushuru wa daraja, hiyo ruhusa ndo ikaitwa franchaizi. Ona hapo: daraja sio lako, soko sio lako, umepewa tu kibali na aliye juu yako, na hapewi mtu bure. Ndo maana ile asilimia ya kila mwezi Waingereza wanaiita royalti, kitu cha kifalme. Sisi tunasema mrabaha, neno la Kiarabu lenye mzizi wa faida, na hapa linachekesha kidogo kwa sababu mrabaha haukatwi kwenye faida. Waulize wachimbaji wa Chunya, serikali inapiga hesabu kwenye thamani ya dhahabu yote, haiulizi dizeli ulinunua kiasi gani. Franchaizi ni vilevile, shemeji akipaka nyumba kumi na zote zikamtia hasara mrabaha uko palepale, maana mauzo yalikuwepo.

Kwa hiyo kinachoniudhi ni hicho kitenzi, kununua. Mtu wa huku anajua kabisa tofauti ya kununua shamba na kukodi shamba. Ukikodi ekari mbili Isongole unalima viazi, unavuna, unarudisha, hakuna mwenye akili anayepanda parachichi kwenye shamba la kukodi. Franchaizi ni shamba la kukodi. Mkataba ukiisha na mwenye jina akikataa kuuongeza, unafuta jina kwenye gari, unavua fulana, na mikataba mingi inakukataza hata kufanya kazi hiyo hiyo eneo lile kwa muda fulani.

Na kwenye rangi aliyechukua franchaizi mara nyingi hashiki brashi kabisa. Hii kitu ina miaka kule, kampuni ya College Pro ilianza Kanada 1971 na wanafunzi wa chuo kupaka nyumba za watu likizo ya kiangazi, nyingine, CertaPro, ikaanza Marekani 1992. Kazi yako ni kutafuta wateja, kwenda kupima kuta, kutoa bei, kuita mafundi, kugombana nao. Unachopewa ni jina, mafunzo, programu ya kukadiria gharama na eneo lenye mipaka. Huku kwetu mteja anabeba ndoo zake mwenyewe toka dukani na fundi analipwa ufundi, rangi ikibanduka masika kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, lakini kule mteja anapiga simu kwenye jina, na anayerudi na ngazi kurekebisha ni shemeji kwa hela yake. Kitu kimoja kizuri, sheria yao inamlazimisha mwenye jina akupe kitabu cha maelezo yote, ada, kesi, waliojitoa, angalau siku 14 kabla hujasaini au kulipa hata senti. Shemeji nimemwambia akisome chote na awapigie simu waliojitoa kwanza.

Tukirudi kwa jirani yangu. Wengi wanachanganya franchaizi na uwakala. Wakala ni mtu anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine, kama hawa wa miamala ya simu, kampuni inamlipa kamisheni. Kwenye franchaizi hela inaelekea upande wa pili, wewe ndo unalipa. Ukichanganyikiwa angalia tu nani anamtumia nani hela. Nikamuuliza jirani, unawalipa chochote kila mwezi? Hapana. Wanakulipa kamisheni? Hapana, nanunua ndoo jumla nauza rejareja. Sasa kaka, wewe ni muuza rangi, na huo ukuta ni bango lao wameliweka kwako bila kukulipa. Akautazama ule ukuta kidogo, akasema bora ningemwacha na franchaizi yake.

Baba mdogo naye nimemwandikia pembeni, sio kwenye grupu, kwamba shikamoo, shemeji akisaini atakuwa amekodi jina la kampuni, na ndoo hakuna.