Mianya midogo kwenye bodi ya boti ya mfano: ipi ujaze, ipi uiache

Wengi wanaoniletea boti za mfano niwapigie rangi huja na imani moja: ile mistari myembamba kati ya mbao na mbao rangi itaifunika. Haiifuniki. Koti la rangi likishakauka huwa jembamba kuliko unywele, na rangi ikiwa bado mbichi hukimbia kingo kali na kuzama mwanyani. Mstari ambao kwenye mbao tupu hukuuona hata kwa kuinama, ukishapulizia rangi nyeupe ya kung'aa unauona ukiwa mlangoni. Kwa hiyo kazi yote ya kujaza iishe kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Sisi wa Kigoma jicho letu limefundishwa na boti kubwa. Fundi wa boti pale Kibirizi, hapa kwetu ziwani, akiona mwanya kati ya mbao mbili hashtuki. Anaukalafati, yaani anaushindilia pamba, chombo kikiingia ziwani mbao zinavimba na kuubana. Boti ya mfano haiingii majini. Itakaa juu ya kabati sebuleni, mbao zitaendelea kukauka, na mwanya utapanuka. Ndiyo maana kabla ya kuuliza nijaze kwa kitu gani, najiuliza kwanza kama mwanya wenyewe bado unatembea.

Mbao husinyaa na kuvimba kwa upana wake. Kwa urefu haibadiliki karibu kabisa. Mwanya unaofuata urefu wa ubao, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), ni mwanya hai. Ule ulio pale ncha mbili za mbao zinapokutana kwa kawaida ni kazi ya msumeno tu, nao ukijazwa unatulia. Paina iliyopigwa bodi Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, itafungua mistari yake kuanzia Juni, kiangazi kikishika. Mninga hutembea kidogo sana, na ndiyo sababu napenda kuomba mabaki yake kwa mafundi samani. Lakini hata ya mninga naiacha bodi ikae ndani ya nyumba wiki kadhaa za ukavu ndipo niiguse kwa puti. Mteja mwenye haraka hapendi kusikia hivyo, lakini hapa sipunguzi.

Mwanya hai unaopitisha ukucha haujazwi kwa puti. Chonga kijiti cha mbao ileile, kiwe chembamba kama kabari, kipake gundi ya mbao, kisukume ndani, kikikauka kikate na kukisawazisha. Nyuzi za kijiti zifuate nyuzi za ubao, vitembee pamoja.

Mianya ya unywele ndiyo inayowasumbua watu, na hapo kila fundi ana dawa yake. Gundi nyeupe iliyochanganywa na vumbi la mbao inashika vizuri, ila ikipata joto la msasa inakuwa kama mpira na kuziba msasa wenyewe. Ukiitumia, futa ziada kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka. Supaglu na vumbi inakauka papo hapo, lakini inakuwa ngumu kuliko mbao, hivyo ukipiga msasa unakula mbao za pembeni na kubakiwa na tuta. Filla ya magari, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), naiheshimu kwenye mabonde. Kwa ufa wa unywele chembe zake ni nene mno, inalala juu bila kuingia.

Mimi natumia puti laini ya tyubu. Inakauka kwa tina, kile kiyeyushi chake, kuruka hewani, na tina ikiruka puti inasinyaa. Koti nene linaonekana kavu juu huku ndani likiendelea kusinyaa, hata siku kadhaa baadaye, na mstari unarudi chini ya rangi. Basi weka nyembamba, iache ikauke, rudia. Kabla ya hapo pitisha koti moja jepesi la sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, kwa sababu mbao kavu hunyonya tina ya puti na kuiacha haina nguvu ya kushika. Tandaza kwa kipande cha kadi ya plastiki, ukikatisha mwanya kwa mshazari. Ukiburuta kwa kufuata urefu wake, kadi inachota ile puti uliyoingiza.

Msasa usiushike kwa vidole vitupu. Puti ni laini kuliko mbao, na kidole kitachimba pale pale ulipojaza. Kata soli ya kandambili kuukuu, izungushie msasa namba 240, malizia na 320. Inajikunja na tumbo la boti bila kuzama kwenye mstari.

Halafu piga praima, lile koti la msingi chini ya rangi, na ikikauka pakaza unga laini wa mkaa kwa kitambaa, bodi yote. Piga msasa namba 400 kwa wepesi. Palipo sawa weusi unatoka. Penye ufa au bonde unabaki, na kila doa jeusi linakuonyesha pa kurudia puti. Washa pia tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa bodi, mwanga upite juu juu. Ukimaliza futa mkaa wote, usije ukachafua rangi.

Nina ombi kwa wanaotengeneza mfano wa Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, na hapa Kigoma ni wengi. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa hadi hapa na kuunganishwa upya kwa ribiti (misumari ya chuma ya kugongwa), ikashushwa ziwani mwaka 1915. Bodi yake ni mabamba ya chuma yaliyofungwa moja moja, na mistari ya mabamba ndiyo sura yake. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, meli inakuwa na urefu wa sentimita kama 70, na bamba la milimita 10 linabaki sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngazi ya ukingo wa bamba ikiwa ndogo kiasi hicho, makoti matatu ya praima nzito yanaweza kuimeza. Jaza na kulainisha bodi ya mbao hadi iwe safi kabisa, kisha ubandike mabamba ya karatasi ya manila, uyanyweshe sila yasitoe manyoya, na kuanzia hapo puti usiiguse tena. Praima iwe koti moja, imezimuliwa vizuri, ikifuatwa na rangi moja kwa moja.

Na kama mstari wa mbao ukijitokeza baada ya rangi, usipake puti juu ya mng'aro, haitashika. Subiri rangi ikauke hadi ndani, kwangua eneo hilo kwa namba 320 mpaka uione praima, jaza, piga praima hapo tu, ndipo urudishe rangi upande mzima, kwa sababu kiraka kwenye rangi ya kung'aa huonekana daima.