Je, Wakatoliki wanamwabudu Bikira Maria?

Hapa Moshi, ifikapo Oktoba, jumuiya ndogo ndogo husali Rozari nyumba kwa nyumba. Jirani asiye Mkatoliki husikia "Salamu Maria" ikirudiwa mara 53, tatu mwanzoni na hamsini katika mafungu matano, na wengi wameamini tangu zamani kwamba Wakatoliki humwabudu Maria kama Mungu. Ukihesabu salamu tu, ni rahisi kufika hapo.

Sikiliza maneno yenyewe. Nusu ya kwanza ya sala hiyo imejengwa juu ya Luka 1:28 na 1:42. Ya pili inasema "utuombee sisi wakosefu". Ni ombi la kuombewa. Litania, yaani sala ya kuitikizana, ndiyo inayoonyesha tofauti waziwazi: akitajwa Mungu Baba, watu huitikia "utuhurumie", akitajwa Maria, "utuombee". Viitikio hivyo havibadilishani nafasi, na kwangu hicho ni kipimo kizuri kuliko hoja ndefu. Mafundisho nayo ni ya kale: Mtaguso wa Pili wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulitofautisha heshima inayotolewa kwa picha takatifu na ibada anayostahili Mungu peke yake.

Anayetaka kuhakiki aazime kitabu cha sala kwa jirani, au akae na jumuiya jioni moja. Bado anaweza kukataa kuwaomba watakatifu, kama wafanyavyo Walutheri; huo ni mjadala mwingine, na ni halali. Waislamu nao hawamwombi Maria, ila wanamheshimu sana: sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryamu.