Je, wajua kwa nini Arizona unaruhusiwa kumpiga kulungu risasi ila sio kumtegea kamera?

Hii nilipoisoma mara ya kwanza nikajua wamekosea kuandika. Arizona ile ya Marekani, watu wana bunduki mpaka basi, uwindaji ni mambo ya ukoo, mzee anampeleka mwanae porini kila msimu, halafu Juni 2021 tume yao ya wanyamapori inakaa kikao, wajumbe watano, na wote watano wanakubali: kuanzia tarehe 1 Januari 2022 marufuku kutumia kamera za mtego kutafuta mnyama wa kuua. Bunduki ruksa, upinde ruksa, kamera hapana. Sasa hapo inakuwaje?

Kamera yenyewe ni kaboksi kadogo tu kenye rangi ya magome, unaifunga na mkanda kwenye mti unaenda zako. Ndani ina kihisi cha joto, akipita mnyama mbele yake joto linabadilika ghafla, basi inaamka, inapiga picha, inalala tena, ndio maana betri zinakaa miezi. Usiku inamulika kwa infraredi, mwanga ambao mnyama wala hashtuki sana. Huku kwetu tunazijua kwa kazi nzuri, mwaka 2005 kule Udzungwa ndio zilimnasa yule sange (kamnyama kadogo kenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye wanasayansi walikuwa hawamjui kabisa, akatangazwa spishi mpya 2008, na Serengeti watafiti walitega 225 kwa mpigo. Kwa hiyo kamera haina dhambi.

Shida ya Arizona ni maji.

Fikiria sehemu yenye mvua ya kutosha kama Michigan, kulungu anakunywa popote, mtoni, kwenye dimbwi, hata umande wa majani unamsaidia, wewe na kamera yako kwenye mti mmoja unacheza bahati nasibu tu. Sasa nenda nchi kame ya kaskazini mwa Arizona, ng'ambo ya lile korongo kubwa la Grand Canyon, mwezi wa Juni jua linachoma, maji yapo sehemu za kuhesabu na nyingi zimejengwa na binadamu, mabwawa ya wafugaji na yale matangi ya kukinga mvua ambayo idara yao yenyewe ya wanyamapori imeyaweka ili wanyama wasife na kiu. Mnyama hana ujanja, atakuja tu, leo au kesho. Na wawindaji wanalijua hilo, kwa hiyo walikuwa wanazijaza kamera pale pale majini, kisima kimoja unakuta makumi ya kamera zimezunguka kila nguzo, kulungu anainamisha shingo anywe anapigwa picha kutoka kila upande kama bibi harusi.

Na sio kamera tu, kila kamera ina mwenyewe, na mwenyewe lazima aje kubadilisha memori kadi, leo anakuja huyu na gari, kesho yule na pikipiki ya magurudumu manne, mnyama aliyetembea kilomita kadhaa kutafuta maji anasikia injini anageuza na kiu yake. Wafugaji nao wakalalamika kwamba ng'ombe wanasumbuliwa. Halafu wizi, kamera zinaibiwa, watu wanagombana porini huku wote wana silaha, hapo mimi ningekuwa kwenye ile tume ningepiga kura mapema nikalale.

Kuna na upande wa dili. Kulungu wa kule wanaitwa mule, yaani nyumbu yule mtoto wa punda, sababu ya masikio (na sio kama kulungu wetu, wao pembe zinadondoka kila mwaka zinaota upya), na madume ya ukanda ule yana pembe ambazo watu wanalipa hela ndefu kuzipata. Waongozaji wa uwindaji wakawa wanatega kamera kwa wingi, dume kubwa linapewa mpaka jina, linajulikana linakunywa saa ngapi na linatokea njia gani, picha zikaanza kuuzwa. Jirani zao Utah walipotunga sheria yao 2022 wakapiga marufuku mpaka kuuza hizo picha kwa ajili ya kuwindia.

Wawindaji wa zamani hilo ndilo linawauma. Wana kitu wanaita uwindaji wa haki, maana yake mnyama abaki na nafasi ya kukuponyoka. Klabu ya Boone and Crockett, ya wawindaji, aliyoianzisha Theodore Roosevelt 1887 kabla hajawa rais wa Marekani na ndiyo inaweka rekodi za pembe kubwa, haikubali kabisa mnyama aliyepatikana kwa kamera zenye laini ya simu, zile zinazokurushia picha hapo hapo ukiwa kitandani. Arizona hizo za laini ilishazikataza tangu 2018, hii ya 2021 ikamalizia zilizobaki.

Wanaopinga nao wana hoja. Picha haiui, wanasema, bado inabidi upande mlima ulenge mwenyewe. Mwingine anakwambia mimi nafanya kazi wiki nzima, nina Jumamosi tu, kamera inanisaidia nisizunguke bure, na nikiona kuna dume zee nitamwacha kijana akue. Hii ya Jumamosi naielewa sana. Halafu vibali Arizona vinatolewa kwa droo, idadi inajulikana, sasa kamera inaongeza nini? Hii nayo niliimeza kwanza, mpaka nikakumbuka kwamba vibali vinapangwa kwa kuangalia pia wangapi wanafanikiwa, wakifanikiwa wengi msimu huu basi ujao vinaweza kupunguzwa, na anayekosa ni pamoja na yule aliyekuwa anafuata nyayo kwa miguu yake.

Nevada wao wamezuia kwenye ardhi ya umma kuanzia Agosti mpaka Desemba, zenye laini tangu Julai. Ukienda Texas lakini watakushangaa, karibu ardhi yote kule ni ya watu binafsi, mti wangu, maji yangu, kamera yangu, shida iko wapi?

Kinachonichekesha ni kwamba hata Arizona kamera haijakatazwa kuwepo, kilichokatazwa ni nia. Mfugaji anaweza kuiweka aangalie kama birika lina maji, mtafiti anaweza, mpenda picha anaweza, mti ule ule na kulungu yule yule. Askari wa wanyamapori akiikuta imefungwa mtini mwezi wa Agosti, kazi inaanza hapo, kujua mwenyewe alikuwa anaangalia ng'ombe au anaangalia pembe.