Jedwali la umumunyifu halijui kilichomo kwenye kidimbwi chako

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa Kasese anayetaka kuchakata maji ya Ziwa Katwe, ziwa la chumvi la huko Uganda: "Si nitazame tu jedwali la umumunyifu, lile la kiasi cha chumvi ambacho maji yanaweza kuyeyusha? Chumvi yenye namba ndogo ndiyo itakayotangulia kuganda." Hapana, jamani. Namba zile zilipimwa chumvi moja moja, kila moja peke yake ndani ya maji safi.

Chukua mbili tu: chumvi ya mezani na kloridi ya potasiamu (nitaiita potasiamu tu). Kwa nyuzi 25, gramu 100 za maji hubeba gramu 36 za chumvi ya mezani ikiwa peke yake. Zikijaa zote mbili, maji yaleyale hubeba takriban gramu 30 za chumvi ya mezani na 16 za potasiamu, maana zote zinaleta kloridi, na kila moja inaibana mwenzake. Sasa pasha moto hadi nyuzi 100. Jedwali linasema chumvi ya mezani itapanda kufika 39. Ndani ya mchanganyiko inashuka, inabaki kama 28, huku potasiamu ikipanda hadi kama 35! Viwanda vya potashi, yaani chumvi za potasiamu, vinategemea jambo hilohilo: maji ya moto huchukua potasiamu na kuiacha chumvi ya mezani chini, kisha yakipozwa potasiamu inaganda.

Kwenye mchoro wa awamu, yaani ramani ya chumvi ipi inaganda maji yakiwa na kiasi gani cha kila moja, hiyo ni mistari miwili inayokutana. Jua likikausha maji, nukta yako, yaani mchanganyiko ulio kwenye maji yako, inafika kwenye mstari, chumvi moja inaanza kuganda, nukta inaufuata mstari hadi makutano na kusimama hapo. Maji yataendelea kupungua, lakini muundo wake haubadiliki tena, na fuwele za aina mbili zinashuka pamoja. Ukishafika hapo, kungoja hakukupi chumvi safi.

Katwe ni kugumu zaidi kwa sababu kuna sulfati na kabonati pia. Madini yaitwayo burkeiti huzishika hizo mbili ndani ya fuwele moja, na uwiano wake unayumba. Tena mchoro unachukulia kwamba kila kitu kimetulia, ilhali kidimbwi hakitulii: kuna chumvi zinazochelewa kuganda hata baada ya maji kuvuka mpaka wake. Ndiyo maana siutumii mchoro kutabiri siku ya kuvuna. Pima kloridi, sulfati, kabonati na potasiamu kila hatua, na uhamishe maji kabla hayajafika makutano.